Jinsi ya Kurudi Safari na Kunguni Bila Gharama ya Ziada

Wapo watu wanaotoka Dar es Salaam hadi Mwanza, wakalala gesti siku mbili, na wakarudi nyumbani na samaki tu. Uzembe. Msafiri makini hurudi na kunguni, na raha ya jambo hili ni kwamba halidai ujuzi wala mtaji. Linadai adabu.

Ukikabidhiwa ufunguo, ingia chumbani ulitupe begi kitandani. Usiliweke bafuni juu ya vigae, wala usilitundike. Kunguni hana mabawa na hajui kuruka; anatembea kwa miguu, maskini, na si uungwana kumzungusha. Kisha fungua zipu, nguo zipate hewa.

Muhimu kuliko yote: usikague. Mtu anayefunua shuka, akainua kona ya godoro na kumulika mishono kwa tochi ya simu, ataona mambo. Ataona vidoa vyeusi kama kalamu iliyovujisha wino, magamba ya kahawia yaliyovuliwa, vijiyai vyeupe vya milimita moja, na pengine mwenyewe hasa, bapa kama dengu, kajibana kwenye tundu la msumari wa chaga. Akishaona itambidi aseme, na kusema ndiko kunakotushinda.

Mimi niliwahi kukagua mara moja, nyumbani kwa shangazi, usiku wa kuamkia harusi. Nimepiga magoti, godoro begani, simu mdomoni, mara mlango ukafunguka.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Hereni, shangazi."

Masikio yangu hayajawahi kutobolewa. Shangazi akanitazama, akaitazama chaga, akasema, "Ukiipata uniambie," akarudishia mlango. Nikalishusha godoro polepole, nikalala na adabu zangu juu yake. Siku ya nne, nimesharudi kwangu, mkono ukaota vipele vitatu vilivyojipanga mstari.

Vipele vikitokea, sema ni mbu. Hii ni hatua nyepesi kwa sababu kunguni mwenyewe anakusaidia: wengine huanza kuwashwa siku kadhaa baada ya kuumwa, wakati gesti imeshasahaulika. Tena wapo wasiovimba kabisa. Mke anajikuna usiku kucha, mume pembeni yake anauliza, "Mbona mimi siumwi?" Anaumwa vilevile, ila ngozi yake haishtaki. Nyumba itakesha ikijadili chandarua kilichotoboka, na kunguni watakunywa kwa amani.

Begi nalo lisukume chini ya kitanda kama lilivyo. Usilifungulie uani, usichemshie nguo maji, usipitishe pasi kwenye mishono. Joto la nyuzi 60 huua mpaka mayai, na huo ni ukatili. Wala usiogope kwamba watakufa njaa: mkubwa huweza kukaa miezi bila kula. Jike mmoja aliyekwisha kupandwa anatosha. Hutaga yai moja hadi matano kwa siku, na kila mtoto lazima anywe damu kabla ya kujivua gamba, magamba matano mpaka awe mtu mzima. Hesabu hiyo waachie wao.

Ukigundua umefanikiwa, pulizia dawa ya kopo kitandani tu, basi. Kunguni wengi wa siku hizi wameshazizoea dawa hizo. Watahamia chumba cha watoto, na hapo mradi umepanuka. Wa zamani waliosimamisha chaga uani na kuzimiminia sufuria ya maji yanayochemka walikuwa hawataki maendeleo.

Na chunga sana mdomo. Wafaransa hawakuchunga. Mwaka 2023 waliwapiga kunguni picha kwenye treni za Paris, na mwezi Oktoba mbunge Mathilde Panot akasimama bungeni na kichupa chenye kunguni, akimwonesha Waziri Mkuu mbele ya kamera. Dunia nzima ikajua. Aibu gani hiyo! Sisi tunajua kusitiri. Usimwambie mhudumu wa gesti, atakayekuja baada yako ajionee mwenyewe. Usimwambie mgeni wako unayemtandikia. Ndiyo maana mtaani kwetu hakuna nyumba hata moja yenye kunguni.

Muuzaji wa sumu hupita kila Jumamosi, spika begani: "Sumu ya panya! Sumu ya mende! Kunguni, viroboto, papasi!" Jumamosi iliyopita jirani yangu alimwita kutoka barazani, kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya nne.

"Wee kijana! Niletee ya mende!"

Kijana akasogea, akahesabu pakiti. Jirani akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniona, akanisalimu vizuri tu. Kisha akainama kwenye sikio la kijana.

"Na ile nyingine. Tatu."

Nilisubiri aingie ndani, ndipo nikamwita kijana nami. Nilitaka ya mende.