Sifa za Bwana Get

Wengine wamesifu mnazi, wengine mwezi. Mimi namsifu get, kitenzi cha Kiingereza chenye herufi tatu, aliyenisumbua tangu kidato cha kwanza, tulipotoka shule ya msingi ya Kiswahili na kuambiwa kwamba kuanzia leo hata panzi atasomwa kwa Kiingereza.

Kwa nasaba hana doa: alifika Uingereza na Waskandinavia waliovuka bahari kupora, kisha wakalowea. Ni mfupi. Hachoshi ulimi. Haya tuyapite, maana sifa yake kubwa ni ukarimu.

Huyu bwana hana mgeni asiyempokea. Mpe up, umeamka. Mpe over, umemaliza msiba. Mpe by, unabangaiza. Mpe away, umetoroka. Ongeza with, umekosa na hakuna aliyekugusa. Mafua unayapata kwake na utani unauelewa kwake. Hata harusini yumo, tena bila kubagua: sisi tunahangaika nani kaoa na nani kaolewa, yeye anawafunika wote shuka moja. Siku moja mwalimu aliniambia nimfanyie get mlango. Nikautazama: mlango upo palepale, niupate wapi tena? Nikaenda nikaushika kwa mikono miwili, nikangoja amri inayofuata. Kumbe mtu alikuwa anabisha hodi.

Pata yetu nayo ina watoto: patia, patana, patikana, patanisha. Ila viambishi tunavishona ndani ya nguo, mshono unauona. Get anaviacha vinaning'inia nje kama kamba za viatu, na anayejikwaa ni wewe. (Najua mtanitajia piga: simu, pasi, deki, mswaki. Ya nyumbani hayo, tuyaache nyumbani.)

Nilikuwa nimemzoea. Ndipo mwezi Januari daladala ikanivunjia taa ya nyuma, nikapeleka madai kwenye kampuni yangu ya bima. Jibu likaja siku ileile, sentensi moja: We will get back to you. Nikafurahi! Nikamwambia fundi aagize taa.

Sasa ni Agosti. Nikipiga simu naambiwa kwa Kiswahili, "Tutakurudia." Kwetu kumrudi mtu ni kumtia adabu, na kurudia ni kufanya lilelile tena. Basi sina budi kukiri wametimiza ahadi kwa maana zote mbili. Lakini walipotaka ada yao, mbona hawakumtuma get? Walimtuma pay, na tarehe juu yake, na onyo chini yake! Fundi ananidai, polisi wa barabarani wananisimamisha kwa taa mbovu, na wao wamekaa ndani ya kiyoyozi wakijificha nyuma ya herufi tatu.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Nikafungua kamusi ya asili za maneno, nikamkuta ndugu yake wa damu: forget. Shina lao ni moja. Mmoja hushika, mwingine huachia alichokuwa amekishika. Nikampigia bwana wa dawati la madai, nikamsomea ukurasa mzima. Alisikiliza kwa heshima kubwa. Akasema hilo kwa kweli hakulijua, ngoja awaulize wakubwa zake, halafu watanirudia.