Namna ya Kuzamisha Miguu Bila Kuomba Msaada

Umeamua kujifunza kuogelea mtindo huru, na unataka miguu yako ibaki ikiburura chini ya bwawa. Jambo rahisi. Anza na kichwa: kiinue juu ya maji, utazame mbele kama kondakta anayetafuta abiria wa mwisho. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5. Kikiwa ndani ya maji, maji hukubebea. Ukikitoa nje, mzigo ni wako, na nyonga ndizo zitakazoulipia.

Hapo kuna siri ambayo usimwambie mtu. Hewa yako iko kifuani, ndani ya mapafu. Uzito mwingi uko chini zaidi, kiunoni na mapajani. Kwa hiyo kifua hupanda, miguu hushuka, wala haina haja ya kusukumwa. Anayetaka kuharibu mambo hukilalia kifua, akakikandamiza majini kidogo tu, shingo imelegea, macho yanahesabu vigae vya sakafuni. Ghafla matako yanapigwa na hewa. Aibu gani hiyo! Na hata jasho hajatoka.

Wewe piga mateke. Kunja magoti kabisa, rusha maji mpaka yamfikie mlinzi aliyekaa kivulini. Ukiishiwa pumzi, usigeuze mwili ubavu ili mdomo utokee pembeni. Simamisha kichwa wima, meza maji, endelea. Ikishindikana kabisa, nunua boya la kubana mapajani. Nalo litakupa furaha ya kweli mpaka siku utakapolivua.

Ukihitaji kielelezo, tafuta video ya Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta kwenye Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000. Wenzake wawili waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akabaki peke yake kwenye mita 100. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, mita za mwisho akivuta maji kwa shida huku uwanja mzima ukimshangilia. Bahati mbaya hakuridhika: aliendelea na mazoezi, hata akaja kuwa kocha wa timu ya taifa. (Mimi binafsi namvulia kofia, lakini huu si mwongozo wa ushujaa.)

Baharini kuwa mwangalifu. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bwawa kwa asilimia 2 na nusu hivi, yanambeba mtu bila kumuuliza, na unaweza kujikuta umenyooka.

Hatari kubwa kuliko zote ni kocha mpole. Atakupeleka maji ya kiunoni, akuambie ujisukume taratibu ukutani, ulale kifudifudi, mikono mbele, bila hata teke moja, mpaka mwili utulie wenyewe. Mkumbushe kwamba ulilipia kuogelea; kulala unalala bure nyumbani.