Shati Linalojua Kupima Moyo

Mwaka 2015 kampuni ya Ralph Lauren ilileta sokoni shati la PoloTech kwa dola 295. Nyuzi za fedha zilizofumwa ndani zilisoma mapigo ya moyo na pumzi, kisha habari zote zilipelekwa kwenye simu. Hongera zao. Hapa Wabera, Isiolo, fundi cherehani angeuliza swali moja tu: chaji ikiisha, ni nani anayezimia, shati au mwenyewe?

Kwanza, mavazi ya kupima afya si mageni Isiolo. Ukame ukibisha hodi, mhudumu wa afya humzungushia mtoto utepe mkononi. Kijani, yu salama. Manjano, hali inayumba. Nyekundu, mzunguko wa mkono chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Utepe huo hauna betri wala nywila, na fasheni yake haipitwi na msimu.

Utepe una kasoro moja: ukionyesha nyekundu, lazima wakubwa walete chakula. Shati la dola 295 halikuwa na usumbufu huo. Lenyewe liliwahesabia walioshiba kalori walizochoma.