Wao Waachilie, Mimi Nipokee

Shemeji yangu ameachilia. Angekuwa ameacha pombe, ukoo mzima ungeshukuru. Yeye ameachilia tu, basi. Alikwenda semina ya kujitambua, akarudi na ndala, mfuko wa kitambaa na sauti mpya ya chini, akatueleza kwamba mateso yote ya binadamu yanatokana na moyo kung'ang'ania vitu. Kwa hiyo vitu vyake kaviachilia.

Viko kwangu.

Vililetwa na kirikuu, na nauli ya kirikuu nikalipa mimi, maana yeye siku hizi hashiki fedha. Sebuleni sasa kuna seti mbili za sofa, na ukitaka kuwasha televisheni unapita kiubavuubavu huku umevuta tumbo. Kwenye korido kuna jenereta linalovuja mafuta. Chini ya kitanda chetu kuna suti yake ya harusi, na sisemi zaidi, kwa sababu ndoa yenyewe aliiachilia kabla ya suti. Mke wangu, ambaye ni dada yake tumbo moja, anasema tumvumilie, mdogo wake yuko kwenye safari ya ndani. Sawa. Lakini safari ikiwa ya ndani, mizigo inakujaje kwangu?

Nilipomlalamikia mwenyewe, alinitazama kwa huruma, akaniwekea mkono begani. "Shem," akasema, "unang'ang'ania nafasi. Na hiyo nafasi iachilie."

Akanitajia wakubwa wa kazi hiyo, nikasome. Nikasoma, na nikasoma kama mwenye nyumba. Wengine wakisoma habari za hawa watu huuliza waliona nini walipopata nuru. Mimi nilikuwa natafuta jambo moja tu: vitu vilibaki kwa nani?

Nikaanza na Diogenes, Mgiriki aliyeishi Athens ndani ya mtungi mkubwa. Inasimuliwa kwamba alibaki na kikombe, siku moja akamwona mtoto anakunywa maji kwa viganja, akakitupa na hicho kikombe. Safi kabisa. Ila chakula alikuwa anaomba kwa watu. Maana yake kuna mtu Athens alikuwa anapika na kusonga kila siku ili mwenzake awe huru, na jina la mtu huyo halipo popote. Eti Diogenes alizoea hata kuomba mbele ya masanamu, ajifunze kunyimwa. Shemeji yangu somo hilo bado hajalifikia. Haombi sanamu. Anafika kwangu saa saba mchana, wali ukishaiva.

Epictetus nilimpenda kidogo. Huyu aliwahi kuwa mtumwa, baadaye akafundisha falsafa huko Nicopolis, na alikuwa na taa ya chuma. Mwizi akaiba. Epictetus hakwenda kwa mjumbe wala kwa mganga. Alisema atatafuta ya udongo. Hapo hakuna aliyesumbuliwa, namvulia kofia. Tatizo ni waliobaki. Mwandishi Lucian anasimulia kwamba Epictetus alipokufa, mtu mmoja aliinunua ile taa ya udongo kwa drakma 3,000, akitumaini kuwa akisomea mwanga wake usiku, hekima itamwingia. Unafundisha maisha yako yote kwamba vitu si vyako, na ukifumba macho watu wanagombea kibatari chako.

Lakini mtu wangu nilimpata India. Si Buddha mwenyewe. Namsema baba yake, mzee Suddhodana.

Mapokeo ya Wabuddha yanasema Siddhartha aliondoka nyumbani usiku, mkewe Yasodhara amelala na mtoto wao mchanga, Rahula. Dunia nzima imeandika alikokwenda yule kijana, alikaa chini ya mti gani, alifunga namna gani. Mimi nilibaki palepale ikulu nikimwangalia mzee anaamka asubuhi, anaambiwa mwanao kaachilia, na huyu hapa mjukuu. Hapakuwa na semina ya babu. Akalea.

Miaka ikapita, Siddhartha akarudi akiwa Buddha tayari. Yasodhara akamtuma mtoto akamdai baba urithi wake. (Huyo mama naye angefaa kuwa mweka hazina, lakini nitafika huko.) Baba akampa urithi wa aina yake: aliagiza Rahula apokewe kwenye utawa. Yaani mzee aliachiwa mjukuu, akamzoea, halafu mjukuu naye akaachilia!

Hapo ndipo Suddhodana alipofanya kitu ambacho waachiliwa wengi hatujathubutu. Alikwenda kulalamika. Alimwendea mwanawe, na nuru yake yote, akamweleza jinsi hilo linavyouma. Na Buddha akasikiliza, akaweka kanuni kwamba tangu siku hiyo mtoto asipokewe utawani bila ruhusa ya wazazi. Kanuni nzima imetokana na manung'uniko ya mzee mmoja. Halafu watu wananiambia kulalamika hakusaidii.

Wa mwisho ni Imamu Ghazali, na huyu nilimsomea shemeji kwa sauti. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkubwa wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, ana jina, ana wanafunzi, na aliviacha vyote akaenda kuutafuta moyo wake. Lakini mwenyewe ameandika kwamba alipogawa mali yake alibakiza ya kuwatosha watoto. Unaona? Kabla ya kuachilia, alipiga hesabu. Shemeji alifumba macho akasema hesabu ni za akili, yeye yuko kwenye moyo.

Na hesabu ndizo zinazoniua, kwa sababu kuna mzigo mmoja haukuja na kirikuu. Shemeji alikopa kwenye kikoba, na mdhamini ni mimi. Yeye deni lile ameliachilia, anasema halimkoseshi usingizi tena. Naamini. Usingizi ninaoukosa mimi unatosha kwa wote wawili. Kila Jumamosi mama mweka hazina anakuja na kauntabuku lake, anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye sofa la shemeji, ambalo kwa kweli ni zuri kuliko langu, anaomba maji ya kunywa.

Nilijaribu kumweleza mafundisho ya Epictetus. Nikamwambia kuna mambo yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu, na mali ni katika hayo yasiyo. Alinisikiliza hadi mwisho, mama mstaarabu. Akalowesha kidole, akafunua kurasa, akaligeuza daftari upande wangu.

"Baba Neema, saini hii ya nani?"

Jumamosi iliyopita shemeji alipiga simu. Sasa na yeye atafungua semina yake ya kufundisha kuachilia, kwa kiingilio, na atakakofundishia umeme unakatika sana. "Shem, lile jenereta bado lipo?" Nikamjibu lipo, aje alichukue, na sofa zote achukue. Baadaye nikasikia mlio wa bodaboda nje, geti likafunguliwa, ndala zikaja taratibu hadi barazani, zikasimama.

Nikachungulia dirishani. Alikuwa ameinama anaviangalia viatu vilivyopangwa mlangoni, vya kike, vyeusi, vimeliwa kisigino upande mmoja. Mtu huyu ametuambia amesahau bei ya sofa, siku ya harusi yake na hata namba yake ya akaunti. Bodaboda ilikuwa haijazima injini.

"Nani huyo?" mama mweka hazina akauliza, kalamu mkononi.

"Kaka yako kaondoka?" mke wangu akauliza naye kutoka jikoni, maana akiudhiwa na mdogo wake humfanya wangu. "Basi, mpakulieni mama, wali umeiva."

Tukala watatu. Jenereta bado linavuja.