Sifa za Rangi ya Rahisi

Al-Jahiz wa Basra aliwaandikia mabahili kitabu kizima, al-Bukhalaa, na zaidi ya miaka elfu moja baadaye bado kinasomwa. Basi nami nisilaumiwe nikiisifu rangi ya gari ya rahisi, ile inayopulizwa katika sanaiya, mitaa ya karakana, za Ibra, Sur na Nizwa huku Omani kwa riali za kuokoteza. Imetukanwa vya kutosha. Mwenye gari linalometa haishi kuisema, na methali anayo mfukoni: rahisi huvunja upishi. Aliyeitunga hiyo alikuwa jikoni, sanaiya hakufika.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Fundi, mara nyingi mtu wa Kerala au wa Bangladesh, hulizunguka gari kimya, akagonga madigadi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kisha anataja bei. Wewe, ambaye babu yako aliuza karafuu Unguja na hakupata kulipa bei ya kwanza maishani mwake, unataja nusu yake. Fundi hakasiriki. Anashusha. Na kila riali inayoshuka ina mahali inapotoka, ingawa yeye hasemi nawe huulizi.

Riali za mwanzo hutoka milangoni: haitafunguliwa, kwa hiyo ukingo wa ndani utabaki na rangi yake ya zamani. Zinazofuata hutoka kwenye taa, vitasa na mipira ya vioo: havitang'olewa, vitafunikwa kwa gazeti na utepe wa karatasi. Kisha inakuja zamu ya msasa. Fundi aliyelipwa vizuri huanza na namba 80 penye kutu, akapanda 240, akapanda 400, akamalizia kwa maji. Aliyebanwa huchukua kipande kilicholainikia kwenye gari la jana. Kisha inaondoka praima. Kisha hadina, ile dawa inayoifanya rangi igande hasa badala ya kukauka tu. Ukishindana naye mpaka mwisho, unabaki na rangi na tina ya kuiyeyushia, na tina ndiyo nyingi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi wa rangi hutia tina bila kungoja sifa.

Utepe wa karatasi tusiupite bila kuuamkia. Richard Drew wa kampuni ya 3M, huko Minnesota, aliubuni mwaka 1925 baada ya kuwasikia mafundi wa rangi za magari wakilaani gundi zilizokuwa zikibandua kazi yao ingali mbichi. Gazeti hakulibuni, na ndiyo maana gazeti lina mambo yake: tina ikilipata, wino hutoka. Ibra nimeliona gari ambalo chini ya kioo cha nyuma kimebaki kipande cha bei za dhahabu, kimegeuka kinyume kama maandishi kwenye kioo. Mwenyewe hakukifuta. Anasema dhahabu tangu siku ile imepanda tu.

Halafu ipo mikono ya miji. Mwenye jicho haulizi rangi imepulizwa wapi. Nizwa, miezi ya Juni na Julai, joto huweza kupita nyuzi 45, na tina huruka hewani kabla tone halijalala vizuri juu ya bati. Uso unatoka na vinundu, na ukipitisha kiganja unahisi kama umeshika mtu mwenye baridi. Sur ni bahari. Unyevu unaingia kwenye vanishi kabla haijakauka, na gari linatoka na utando wa maziwa ambao polishi haiuondoi kirahisi. Ibra, upepo ukitoka upande wa Bidiya na mchanga wa Ramlat al-Wahiba, kila punje iliyochoka kusafiri hupata pa kulala kwenye bonet. Chumba cha kupulizia chenye vichujio na joto lililopimwa kingeyafuta yote haya, na magari ya mikoa hii ya Sharqiya na Dakhiliya yasingejulikana tena kwao ni wapi.

Wanaosema kwamba rangi ya msimu mmoja ni aibu wamesahau walikotoka. Wazee wetu wa Ibra na Mudhairib walishuka hadi Sur, wakapanda majahazi, wakapelekwa Unguja na upepo wa kaskazi. Jahazi, lilipofika na maji yakatoka, lililazwa ubavu ufukweni. Mabaharia wakalikwangua chaza na majani ya bahari, wakalipaka deheni chini, yaani chokaa na mafuta ya mnyama vilivyokandwa pamoja, na juu wakalipaka sifa, mafuta ya papa, kwa harufu ambayo hakuna bin Adam aliyepata kuizoea. Msimu uliofuata, kazi ile ile. Hakuna nahodha aliyedai dhamana ya miaka mitano. Na Sur hadi leo ipo Fath al-Khair, iliyoundwa hapo hapo mwaka 1951, ambayo watu wa mji walichanga wakairudisha kutoka Yemeni. Mbao zake zimepakwa na kupakwa tena, na hakuna mgeni anayeizunguka akiuliza kama rangi ni ya kwanza.

Chombo chenyewe cha kupulizia kina nasaba njema kuliko watu wanavyodhani. Allen DeVilbiss, tabibu wa Toledo, Ohio, alibuni kipulizio cha kutia dawa kooni kwa wagonjwa. Mwaka 1907 mwanawe Thomas akakigeuza kiwe cha kupuliza rangi. Kilianza maisha yake, basi, kwa kuponya makoo. Leo fundi wetu anakishika huku amejifunga kilemba cha pamba mdomoni. Hadina za kisasa zina isosianati, kemikali inayojulikana kwa kuwapa wapulizaji pumu, na barakoa yenye chujio la kufaa ingeongeza bei, na bei, kama tulivyoona, tumeshaishusha. Mteja aliyebana hata hadina ikaondolewa ana haki ya kujiandikia thawabu: hakuna mwingine katika mapatano yale aliyelifikiria pafu la mtu yule.

Kuna na faida za mitaani. Simama nje ya msikiti wowote wa Sharqiya baada ya sala ya Idi. Magari ni meupe, safu kwa safu, mengi ya Toyota, mengi ya weupe ule ule ambao kiwandani unaitwa 040. Watu wazima wenye akili zao wanatembea wakibonyeza funguo wakisubiri taa ziwajibu. Mwenye rangi ya rahisi hana dhiki hiyo. Mulkiya yake, kadi ya usajili wa gari, nayo imeandikwa nyeupe, maana kubadili rangi kunataka kwenda kwa polisi wa trafiki na karatasi, na hakuna aliyebana riali kwa fundi akazitumie kwenye karatasi. Lakini nyeupe yake ina madaraja: mlango una weupe wa chaki, bonet weupe wa mtindi, na paa, ambalo jua hulila kwanza, lina weupe wa zamani. Analiona gari lake kabla hajapata viatu vyake. Watoto wake wanaliona. Mke wa ami yake analiona kutoka barazani, akajua wapi limelala usiku, hii ikiwa ndiyo hasara pekee ninayoweza kuikiri.

Mwizi halitaki. Jamaa halikopi kwenda arusini. Ukikwaruzwa kwenye maegesho ya duka la Lulu, unashuka, unatazama, unamwambia aliyekukwaruza aende zake salama, naye anakuombea dua kwa miaka. Ni wangapi katika nchi hii wanaoweza kusamehe kwa haraka namna hiyo?

Rangi hii ina nyakati zake: Idi, arusi, na siku ya kuuza. Ya kuuza ndiyo inayoipima, kwa sababu kila mnunuzi wa Ghuba huuliza swali lile lile, kama rangi ni ya wakala. Vijana wana kipimo cha umeme. Rangi ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150 hivi, na kipimo kikisoma zaidi ya hapo, mazungumzo yanabadilika. Wazee wanatumia sumaku.

Ijumaa moja Nizwa, soko la mbuzi lilikuwa linatawanyika, na mzee mwenye bakora, ambaye asubuhi nzima alikuwa akifungua midomo ya mbuzi kuhesabu meno, akasimama mbele ya gari la kijana wa Ibra. Walianza kwa Kiarabu, wakasikiana lafudhi, wakahamia Kiswahili.

"Rangi ya wakala hii?"

"Ya wakala, ami."

Mzee akatoa sumaku ndogo iliyofungwa kwenye leso ili isikwaruze, heshima ambayo rangi ile haikuwahi kuipata kwa mtu mwingine. Akaiweka kwenye paa, ikashika. Kwenye bonet, ikashika. Kwenye madigadi ya kushoto, ambako chini ya rangi kulikuwa na puti ya kujazia yenye unene wa kidole, ikateleza na kuangukia changarawe.

"Wakala wa wapi?"

"Wa sanaiya, ami."

Mzee hakucheka. Alifungua mlango wa dereva, akainama ukingoni, akakuta wekundu mtupu, safi, wa gari jingine kabisa lililokwisha zamani skrapu.

"Na huyu," akauliza, "ndugu zake wako wapi?"