Bei Hupangwa Getini

Bugolobi, Kampala

Mpwa wangu,

Unauliza kama ni kweli fundi bomba wa huku analipwa laki kwa kubadilisha koki, ili uache chuo cha ufundi cha VETA uje kwa mjomba. Kaa chini kwanza. Shilingi ya Uganda ni nyepesi kuliko yetu ya Tanzania, kwa hiyo ukisikia laki usirushe kofia, piga hesabu.

Mafundi hawa nawajua, maana choo cha nyumba ninayopanga hakijui kunyamaza. Bomba likivuja kabla ya mita, hilo ni la shirika la maji, NWSC. Likivuja baada ya mita, ni lako na fundi wako. Na bei haisubiri akaione koki mbovu, hupangwa getini. Akishuka tu kwenye bodaboda anatazama ukuta una waya wa umeme au hauna, gari ni la mwaka gani, na anayefungua ni mlinzi au mwenye nyumba mwenyewe. Kwenye yale maghorofa ya zamani, Bugolobi Flats, washa ya koki hubadilishwa kwa nauli na chakula cha mchana. Nenda Luthuli Avenue kwenye bustani na mbwa wa kizungu: washa ileile, spana ileile, bei imezaa mapacha. Mbwa naye analipiwa.

Sheria usiitegemee. Kima cha chini cha mshahara Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, tangu 1984. Leo hiyo ni rolex mbili hivi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kurekebisha mambo, Rais akakataa kuusaini. Basi fundi anajipangia, nami simlaumu, kwa sababu leo ana kazi tatu na kesho anashinda kijiweni akiitazama simu.

Ila ulaji wenyewe uko kwenye vifaa. Atakuandikia orodha, ataondoka na hela yako, atarudi na risiti ambayo wino haujakauka. Cha juu ndicho mshahara. Mwambie utanunua vifaa mwenyewe uone anavyopata malaria ya ghafla.

Wanaokula vizuri ni wa hita za maji, pampu, sola na yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto. Cheti mama wa kwenye flats hakiulizi, lakini hoteli na kampuni za ujenzi huuliza. Ndiyo maana hata waliojifunzia mtaani huenda kufanya mtihani wa ufundi wapate karatasi.

Mimi nalipa nafuu, na siri yake nakupa wewe tu. Kilima cha jirani ni Mbuya, penye kambi ya jeshi, na Kiswahili hapa kwa miaka mingi kimejulikana kama lugha ya wanajeshi. Fundi mmoja alitaja bei, nikamjibu Kiswahili cha Tanga kilichonyooka. Alitazama viatu vyangu, akapunguza nusu, akaniita afande. Sikumsahihisha.

Kwa hiyo maliza VETA, ujifunze hita na pampu, ndipo uje. Na ukifika, wateja waongeleshe Kiswahili hichohicho: afande halipwi kwa mkopo.

Nisalimie dada.

Mjomba wako