Baiskeli Isiyo na Pedali

Kitu cha kwanza utakachokigundua kuhusu baiskeli za Kiitaliano za bei ya juu ni kwamba zinauzwa bila pedali. Si kwamba muuzaji kasahau, wala si kwamba kijana wa dukani kazichomoa akaziuze kando. Ndiyo desturi. Unalipa zaidi ya euro 12,000 kwa Pinarello Dogma, fedha ambayo ukiigeuza shilingi inavuka milioni 30 kabla hata sanduku halijapanda ndege, kisha unaambiwa pedali utajitafutia mwenyewe, kwa kuwa kila mwendeshaji makini ana pedali anazozipenda. Mimi pedali ninazozipenda ni zile zinazokuja na baiskeli.

Nikaendelea kusoma, na vitu vikaendelea kupungua. Haina keria. Haina stendi, kwa hiyo ukishuka unaanza kutafuta ukuta. Haina kengele, haina taa, haina madigadi, haina hata kile kibati cha kufunika cheni kinachookoa suruali. Kiti kina uwazi katikati, yaani pale pale pa kukalia napo wamepunguza. Na kila wanapopunguza, bei inapanda. Nimejaribu kukisia baiskeli ghali kuliko zote duniani ikoje. Nadhani unapewa risiti tu.

Ugonjwa huu wa kuzitamani baiskeli hizi niliupatia Kigali, au tuseme kwenye televisheni iliyokuwa inaonyesha Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Rwanda, mara ya kwanza kuletwa Afrika, na siku ya mwisho nilikaa kwenye kochi nikitazama wanaume wakipanda na kushuka vilima kwa zaidi ya kilomita 260. Kile kipande cha mawe cha Kimihurura kiliwafanya watu watoe sura ambazo hazionyeshwi kwa watoto. Tadej Pogačar, Mslovenia, akawatoka wenzake mapema, akamaliza peke yake. Chini yake ilikuwa Colnago, ya Kiitaliano. Hata medali hazijavishwa, mimi nilikuwa nimeshatafuta bei kwenye simu.

Ukishaingia Italia kwa mlango huo, hutoki. Nikawa najua kwamba Ernesto Colnago alikuwa na karakana yake Cambiago, karibu na Milano, na kwamba ndiye aliyemtengenezea bingwa Eddy Merckx ile baiskeli aliyokwenda nayo kilomita 49.431 kwa saa moja, Mexico City, mwaka 1972. Alama yake ni karata, lile pao. De Rosa, mtengenezaji mwingine, yeye kaweka moyo. Bianchi wapo tangu 1885 na wana rangi yao wenyewe, haijakuwa samawati, haijakuwa kijani, na usijaribu kubishana nao. Karibu na Ziwa Como kuna kikanisa cha Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza msimamizi wa waendesha baiskeli; ndani yake zimetundikwa baiskeli za mabingwa. Watu waliofikia hapo usitegemee wakuuzie kitu chenye keria.

Mwisho nikaiacha Colnago, nikaishika Pinarello, kwa sababu ya uzalendo. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundwa na David Kinjah kule Kikuyu, akaja kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, zote juu ya Pinarello. Kwa hesabu zangu baiskeli hiyo ni ya Afrika Mashariki nusu. Hoja hii niliihifadhi kwa ajili ya mke wangu, lakini kwanza nikaenda kwa fundi.

Fundi wangu yuko Magomeni, chini ya mwarobaini. Anaziba pancha, ananyoosha ringi, anabadilisha gololi, na hajawahi kushindwa na baiskeli. Nikampa simu aone picha. Akafuta mikono kwa kipande cha kitambaa, akaikuza picha, akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia.

"Nyaya za breki ziko wapi?"

"Hazina nyaya, ni breki za mafuta. Bomba linapita ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya usukani. Halafu linaingia kwenye fremu."

Akanyamaza kidogo, kwa heshima. "Na gia?"

"Gia za umeme. Zina betri, unachaji."

"Kwa hiyo unachaji."

"Ndiyo."

"Halafu unakanyaga mwenyewe."

"Ndiyo."

"Sasa umechaji wewe, umekanyaga wewe. Yenyewe inafanya kazi gani?"

Nikaona bora nihamie kwenye fremu. Nikamweleza kuwa si chuma, ni karboni, na kwamba nati zake hukazwa kwa spana maalumu inayopima nguvu ya mkono, maana ukikaza kupita kiasi kitu kinapasuka. Fundi akasogeza nyundo yake mbali na simu yangu. "Hii usiniletee, kaka," akasema. "Si kwamba siwezi. Sitaki kesi."

Mlinzi wa nyumbani naye nilimshirikisha, kwa kuwa yeye ndiye angelala nayo. Nikamsimulia habari za Tullio Campagnolo wa Vicenza, aliyeupatia ulimwengu ule mkono mdogo wa kufungulia gurudumu bila spana, ukauvuta tu na gurudumu likatoka. Mlinzi akasema mtaani kwetu teknolojia hiyo ipo siku nyingi, na wanaoijua hawahitaji hata huo mkono.

Rafiki yangu mmoja, daktari wa meno, anayo ya Kiitaliano. Si mpya kabisa, lakini bado inazungumziwa kwa sauti ya chini. Alfajiri moja ya Jumapili akaniazima, yeye akachukua ya akiba, tukashika barabara ya Bagamoyo na kundi lao. Pamoja na baiskeli alinipa soksi zake na viatu vyake, vyenye kibati chini kinachonasa kwenye pedali. Kunasa ni rahisi. Kunasuka, unapeleka kisigino nje, na unapaswa kukipeleka kabla ya kusimama. Maelezo haya alinipa mara moja tu, wakati mimi nahangaika kuvaa kofia.

Sitasema uongo: ni tamu. Tulipopita Tegeta, jua halijachomoza na malori hayajaamka, nikakanyaga mara moja kwa nguvu, na nguvu yote niliyoitoa nikaiona barabarani. Baiskeli niliyonayo, ya mtumba, ina tabia ya kukata ushuru: unatoa kumi, inakupelekea sita, nne zinabaki kwenye kelele. Hii haikukata kitu. Haikupiga kelele pia. Kule Mapinga kwenye mteremko nilijisikia hodari kwa namna ambayo sijawahi kujisikia katika shughuli yoyote, ikiwemo ndoa. Kiti kilikuwa kigumu na shingo ikaniuma, lakini hayo ni mambo ya baadaye; mtu anayependa hahesabu shingo.

Wakati wa kurudi, kijana wa bodaboda akapunguza mwendo akatembea nami sambamba, akaichunguza baiskeli kuanzia mbele hadi nyuma.

"Hii bei gani, bro?"

Nikataja bei ambayo mtu anaweza kuitaja hadharani. "Laki nne."

"Umepigwa," akasema kwa huruma ya kweli. "Ungenitafuta mimi ningekupatia yenye gia kwa laki mbili, na keria juu." Akanipa namba yake, akaondoka.

Nilikuwa bado nawaza namba hiyo tulipofika taa za Mwenge. Zikawaka nyekundu. Nikasimama vizuri kabisa, breki za mafuta zikafanya kazi yake, na kisigino kikabaki kilipokuwa. Kuanguka kwa viatu vile hakufanani na kuanguka kwingine, kwa sababu kuna muda. Unaegemea, unajua unaegemea, abiria wa daladala wa upande huo wanajua, wengine wanaacha simu zao, na hakuna la kufanya. Nikashuka hadi lami nikiwa bado nimekaa kwenye kiti na usukani mkononi. Konda akagonga bati mara mbili: "Suka, subiri! Kuna mtu anashuka!"

Daktari akaja mbio. Akapiga magoti, akapitisha kiganja kwenye fremu polepole, juu, chini, kwenye maungio, kwa ule utulivu wa mtu aliyesomea tiba. "Haina kitu," akasema, machozi yakimlengalenga. Goti langu lilikuwa linavuja damu kwenye soksi zake.

Habari ilifika Tanga kabla kidonda hakijakauka. Shangazi yangu anaishi Ngamiani na anapanda Phoenix tangu sijazaliwa. Anakwenda nayo sokoni, anakwenda nayo msibani, na amewahi kumbeba mgonjwa. Tanga ni mji wa tambarare na wanawake wake hawaoni ajabu kupanda baiskeli wamevaa kanga. Akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nasikia unataka kununua baiskeli."

Nikamtajia sifa zake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuhakikisha. Keria? Hakuna, shangazi. Sasa nikija Dar es Salaam utanipokea nayo vipi? Nikasema ningekuja na gari. Kengele? Hakuna. Kwa hiyo watu watakupisha kwa kukuonea haya? Madigadi? Nikasema hapana, na yeye, aliyezeeka na masika ya Tanga, akacheka hadi akakohoa. "Mwanangu," akasema, "hiyo haijaisha kutengenezwa. Waambie wamalizie kwanza."

Ikabaki mahakama ya juu. Mke wangu anauza vitenge Kariakoo na hesabu zake hazihitaji karatasi. Nilimwandalia chai. Nikaanza na uzito: Phoenix ya shangazi inavuka kilo 20, wakati hii haifiki kilo nane, na huko mashindanoni imebidi chama cha kimataifa kiweke sheria kwamba isishuke chini ya kilo 6.8. Akagawanya palepale. Kilo moja, karibu milioni nne. Akanitazama sehemu ya tumbo, akatabasamu, akanywa chai. Sikuona sababu ya kuendelea na mada ya uzito.

"Milioni 30," akasema, "ni bajaji tatu. Bajaji inaniletea hesabu kila jioni. Hii itakuletea nini?"

"Afya."

"Na hesabu ya afya utaniletea saa ngapi?"

Ndipo nikamtoa Froome. Mtoto wa Nairobi, nikasema, jirani yetu kabisa, mara nne Ufaransa.

"Aliinunua?"

"Hapana, alipewa na timu."

"Na mshahara?"

"Alilipwa, ndiyo."

"Basi nawe subiri upewe."

Nilikuwa nimebakiza kisa kimoja, na nilikitoa nikidhani kitamlainisha, kwa kuwa kina mnyonge ndani yake. Giovanni Pinarello mwenyewe alikuwa mwendesha baiskeli. Katika Giro d'Italia ya mwaka 1951 alimaliza wa mwisho kabisa, na enzi hizo wa mwisho alivishwa jezi nyeusi, akashangiliwa nayo. Mwaka uliofuata timu yake ikataka nafasi yake apewe kijana mwingine, Pasquale Fornara. Wakamlipa Pinarello lira laki moja akae nyumbani. Kwa fedha hizo akafungua karakana yake mkoani Treviso, na jina lake ndilo hilo lililopo kwenye fremu za mabingwa.

Mke wangu akaweka kikombe chini. "Ngoja. Mwenye kampuni alilipwa asipande?"

"Ndiyo."

"Froome akalipwa apande."

"Ndiyo."

"Na yule wa Kigali?"

"Yule alikuwa na Colnago, ni kampuni nyingine."

"Kalipwa, hakulipwa?"

"Kalipwa."

"Kwa hiyo katika habari yote hii, mume wangu, anayelipa ni wewe peke yako."

Akavuta pochi, akahesabu noti kumi za elfu kumi, akazipanga mezani mbele yangu. "Laki moja, ya Mtaliano. Usipande."

Nikamweleza, kwa upole, kuwa lira laki moja za mwaka 1952 zilitosha kuanzishia karakana, na kwamba shilingi laki moja za leo hazifiki mbali hivyo, kwa hiyo kama tunafuata historia tuifuate kwa thamani yake. Akaniuliza nataka ngapi. Nikamwambia kwa bajaji moja mimi naachana kabisa na Italia. Hakukataa. Amesema anaifikiria, mradi iandikwe jina lake na hesabu ya jioni iwe inapelekwa kwake.